Mlima hauna mwenyewe, lakini una jina la mheshimiwa

Huku kwetu mheshimiwa akitaka kukumbukwa, anaandikwa kwenye ukuta wa darasa lililojengwa na CDF. Carl Vinson aliwashinda wote. Yeye alipewa mlima mrefu kuliko yote Antaktika.

Mlima Vinson uko yapata kilomita 1,200 kutoka Ncha ya Kusini. Hakuna kijiji, hakuna mti, hata mbuzi hakuna. Mmarekani Lincoln Ellsworth alipita eneo hilo kwa ndege mwaka 1935, lakini kilele chenyewe kilionekana Januari 1958, na ndege za jeshi la wanamaji la Marekani.

Sasa huyu Vinson ni nani? Mbunge wa Georgia, aliyekaa bungeni kuanzia 1914 hadi 1965. Piga hesabu mwenyewe. Alikuwa na usemi mkubwa kwenye bajeti ya jeshi na aliunga mkono safari za Antaktika, basi akashukuriwa kwa mlima. Ila mwaka 1956 mheshimiwa huyohuyo alitia sahihi waraka wa wabunge wa majimbo ya Kusini waliopinga watoto weusi kusoma shule moja na wazungu. Kwa hivyo ukiwa kijana mweusi unayeota kupanda kilele kirefu cha kila bara, jua jina hilo ndilo litakalokuwa chini ya picha yako.

Mimi linanikera, sitaficha. Mlima Kenya nao ulipewa majina na mgeni: Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni 1899, ndiye aliyeviita vilele Batian, Nelion na Lenana, ingawa Wakikuyu walishakuwa na Kirinyaga yao. Lakini angalau hao walikuwa viongozi wa Wamaasai, watu wa hapa. Kule Vinson hakukuwa na mwenyeji wa kuulizwa, kwa hivyo neno la mwisho likawa la kamati ya majina ya Marekani. Kila nchi inayofanya utafiti kule inaweza kuwa na kamati yake, na ndiyo maana kilima kimoja kinaweza kuwa na majina mawili au matatu.

Hata urefu wake ulikuwa wa kubahatisha. Kwa miaka mingi ramani zilisema mita 5,140. Mwaka 2004 wapandaji walibeba kifaa cha GPS hadi juu kabisa wakapata 4,892. Karibu mita 250 zikayeyuka bila jiwe hata moja kuanguka! Yaani bana, kama umewahi kufika Lenana, mita 4,985, ulisimama juu kuliko kilele cha Antaktika. Tofauti ni kwamba hukuhitaji ndege ya kutua kwenye barafu.

Na mwenye mlima? Uko ndani ya eneo ambalo Chile inadai ni lake, lakini Mkataba wa Antaktika wa 1959 uligandisha madai yote. Itifaki ya Madrid ya 1991 ikapiga marufuku uchimbaji wa madini. Huku chini mlimani, sheria inakufikia hadi chooni: kinyesi chako unakitia kwenye mfuko, unashuka nacho, na kinapanda ndege kuondoka Antaktika. Kwenye baridi ile hakiozi, kingebaki hapo miaka na miaka.