"Kwetu" ni Wapi? Jamaa, Vita na Ukimbizi katika Hadithi, kutoka Kabul hadi Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Katika zoezi la uandishi nililowapa wanafunzi wa mwaka wa pili, mmoja wao, mzaliwa wa Masisi, alileta hadithi fupi juu ya jamaa inayokimbia vita. Aliiandika kwa Kifaransa kizuri. Lakini pale nyanya wa jamaa hiyo aliposema, mara moja tu katika kurasa sita, mwanafunzi aliacha Kifaransa akaandika: "Tutarudia kwetu siku gani?" Hakutia tafsiri chini yake. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba mama huyo mzee asingeweza kulisema neno hilo kwa Kifaransa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mwanafunzi huyo hakukosea. Tutaonyesha kwanza jinsi hadithi ya kubuni inavyovigeuza vita vya nchi nzima kuwa habari ya nyumba moja. Kisha tutaeleza kwa nini hadithi ya namna hiyo kuhusu Masisi na Walikale inafaa iandikwe kwa Kiswahili, na ni ugumu gani unaomngojea mtunzi atakayejaribu. Tunaanzia mbali kidogo, Afghanistan, kwa kuwa watunzi wa huko wamekwisha kuifanya kazi hii na vitabu vyao vimesomwa duniani kote. Baada ya hapo tutarudi Kivu ya Kaskazini.

2.0 Vita ndani ya nyumba: mfano wa Afghanistan

Majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia Afghanistan Desemba 1979, yakaondoka Februari 1989. Vikafuata vita baina ya makundi ya wenyeji. Taliban waliutwaa mji wa Kabul mwaka 1996, na baada ya kuondolewa mwaka 2001 wakautwaa tena Agosti 2021. Katika miaka hiyo mamilioni ya watu walikimbilia Pakistan na Iran. Hiyo ndiyo kalenda ya mwanahistoria. Kalenda ya mtunzi ni nyingine.

Atiq Rahimi alizaliwa Kabul mwaka 1962, akakimbia mwaka 1984, akapata hifadhi Ufaransa. Kitabu chake kifupi *Terre et cendres*, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 2000, alikiandika kwanza kwa Kidari. Kinamhusu mzee Dastaguir, aliyekaa kando ya barabara pamoja na mjukuu wake Yassin. Kijiji chao kimepigwa mabomu na jamaa zao wamekufa. Mzee anangoja gari limpeleke mgodini anakofanya kazi mwanawe, ili amweleze habari hiyo. Mtoto amekuwa kiziwi kwa ajili ya mabomu, lakini hajui kwamba kasoro iko masikioni mwake: anadhani watu wote wamenyang'anywa sauti zao. Hakuna pigano linaloonyeshwa moja kwa moja. Shida nzima ya kitabu ni moja: baba atamwambiaje mwanawe?

Khaled Hosseini, naye mzaliwa wa Kabul, alitoa kwa Kiingereza riwaya *The Kite Runner* mwaka 2003. Msimulizi wake, Amir, ni mtoto wa tajiri Mpashtuni. Hassan, mwenzake wa michezo, ni mtoto wa mtumishi Mhazara. Amir anamwona Hassan akidhulumiwa, naye anajificha. Baadaye Amir na baba yake wanakimbilia Pakistan na kisha Marekani, na kosa lile linasafiri naye.

Katika vitabu hivi viwili tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wakati katika hadithi ya ukimbizi hupimwa kwa matukio ya jamaa, yaani kifo, safari, ndoa na habari iliyochelewa, wala haupimwi kwa miji iliyotekwa. La pili ni kwamba mkimbizi si lazima awe mtu asiye na doa. Hosseini hakumchagua aliyedhulumiwa kuwa msimulizi. Alimchagua yule aliyenyamaza. Kwa sababu hiyo msomaji hawezi kuiweka hatia yote upande wa pili.

3.0 Masisi na Walikale: tarehe nyingi za kukimbia

Wilaya hizi mbili zinapakana, na historia zao zimefungamana. Masisi ni nchi ya kimila ya Wahunde. Walikale wanaishi Wanyanga pamoja na Wakumu, Wakano na wengineo. Mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulianzisha chombo cha kuwahamisha Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, na kuwaleta Masisi, hasa sehemu za Gishari. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1955. Mashamba ya walowezi yalipata vibarua, na ardhi ya kimila ikapata wakazi wapya. Swali la nani mwenye kilima na nani mwenye kura lilizaa ghasia katika miaka ya 1960, ambazo wazee wanaziita vita vya Kanyarwanda.

Tarehe 20 Machi 1993 Wanyarwanda waliokuwa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, walishambuliwa. Mauaji na visasi vikaenea Masisi. Maelfu wakafa, na zaidi ya watu laki mbili wakaacha makazi yao. Julai 1994 umati mkubwa wa wakimbizi kutoka Rwanda uliingia Goma, na pamoja nao wakaingia askari na wanamgambo wenye silaha. Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia kwa watawa wa Mokoto, wengi wao Watutsi, waliuawa. Watutsi wengi wa Masisi wakavuka mpaka kuingia Rwanda, ambako kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka huohuo. Vita vilivyofuata tangu 1996 hadi leo vimewahamisha watu wa kila kabila, wengine mara nne au tano. Januari 2025 mji wa Masisi ulitwaliwa na M23. Machi mwaka huohuo kundi hilo likaingia Walikale, likaondoka baada ya wiki chache. Kati ya matukio hayo mawili kambi za pembezoni mwa Goma, kama vile Bulengo na Lushagala, zilivunjwa, na waliokuwa ndani wakatakiwa kurudi walikotoka.

Tumeyataja haya kwa ufupi ili kuonyesha jambo linalomhusu mtunzi. Kila jamaa ina tarehe yake. Nyumba moja itaanza hadithi mwaka 1993, nyingine 1996, nyingine 2012. Kila tarehe ni ya kweli kwa wenye nyumba, na kila moja, ikisimama peke yake, humfanya jirani kuwa ndiye aliyeanza.

4.0 Utenzi wa Mwindo kama mfano wa nyumbani

Mtunzi wa Walikale hana haja ya kukopa kila kitu Kabul. Mwaka 1956 mtambaji wa Kinyanga, Shé-Kárịsị Rureke, alisimulia utenzi wa Mwindo, ukarekodiwa na Daniel Biebuyck. Maandishi yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza yalitolewa mwaka 1969 na Biebuyck akishirikiana na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene.

Wengi wanaukumbuka utenzi huu kwa maajabu yake. Hata hivyo, tukiutazama kwa jicho la mada yetu, ni hadithi ya jamaa iliyovunjika. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, amekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, baba anajaribu kumwua, kisha anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anakwenda kumtafuta shangazi yake, Iyangura. Anarudi na nguvu, Tubondo inateketea, na sasa ni zamu ya baba kuwa mkimbizi: anatoroka hadi kuzimu, na mwana anamfuatia huko.

La kuzingatia ni mwisho wake. Mwindo hamwui baba yake. Anamrudisha nyumbani na kuwafufua waliokufa. Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu wote, huku shangazi akiwa ameketi kati ya baba na mwana. Kisha wawili hao wanagawana nchi. Kwa hiyo utenzi huu umekwisha kulijibu swali ambalo hadithi nyingi za ukimbizi huliacha: aliyefukuza na aliyefukuzwa wataishije tena mahali pamoja? Jibu lake lina masharti matatu: kosa lisemwe hadharani, awepo mtu wa jamaa anayeaminiwa na pande zote mbili, na ardhi igawanywe kwa makubaliano. Mtunzi wa leo hawezi kuwafufua wafu, lakini masharti hayo matatu anaweza kuyajaribu katika riwaya yake.

5.0 Lugha ya nyumba na lugha ya kizuizi

Sasa turudi kwenye neno la nyanya. Kwa nini Kiswahili? Hadithi iliyoandikwa kwa Kihunde itasomwa na Wahunde, ya Kinyarwanda na Wanyarwanda. Kifaransa kinawafikia waliosoma wa pande zote, lakini ni wachache wanaolia au kugombana kwa Kifaransa wakiwa jikoni. Kiswahili, ambacho katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, ndicho wanachokutana nacho sokoni wale waliopigana. Kwa Kiswahili jirani aliyetajwa vibaya atasoma alivyotajwa, naye ataweza kujibu. Kidari alichokitumia Rahimi kina kazi ya namna hiyo miongoni mwa makabila ya Afghanistan.

Tusikisifu Kiswahili kupita kiasi. Lugha hiyohiyo imetumika na wenye silaha kwenye vizuizi vya barabarani. Swali la "Kwenu ni wapi?" ni la adabu nyumbani mwa mwenyeji, kizuizini, jibu lake limewahi kumgharimu mtu uhai. Mtunzi anayeandika kwa Kiswahili anaandika kwa lugha inayowakumbusha wasomaji wake yote mawili.

Hapa ndipo neno *kwetu* linapodai uangalifu wa mwanaisimu. *Nyumbani* hutaja mahali. *Kwetu* hutaja watu, na mahali kwa kupitia watu hao. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakitofautishi "sisi" yenye kumjumuisha msikilizaji na "sisi" yenye kumtenga. Kiindonesia kina *kita* kwa maana ya kwanza na *kami* kwa maana ya pili. Sisi tuna umbo moja. Kwa hiyo mama Mhunde na mama Mtutsi wanaweza kukionyesha kilima kimoja kwa kidole, kila mmoja akasema "kwetu", na sarufi isituambie kama mwenzake yumo au hayumo. Katika mkutano wa hadhara utata huo ni hatari. Katika riwaya ni utajiri, kwani hadithi ndefu inaweza kuanza na *kwetu* inayotenga na kumfikisha msomaji kwenye *kwetu* inayojumuisha, neno lenyewe likibaki lilelile.

Kuna pia suala la lahaja. Katika Kiswahili sanifu *kurudia* ni kufanya jambo mara ya pili. Katika Kiswahili cha Kivu ni kurejea mahali. Sanifu *masomo* ni mambo yanayosomwa. Kivu ni jengo la shule, na jamaa nyingi zilizokimbia zimelala "ku masomo". Sanifu *vita* huchukua upatanisho wa *vi-*. Kivu watu husema "vita iliingia". Aliyebaki ndani ya nchi huitwa *mudeplase*, aliyevuka mpaka *mukimbizi*, hata kama ni ndugu wa tumbo moja waliotengana siku moja, mmoja akafika Bulengo na mwingine Kiziba. Mhariri akisanifisha maneno haya yote, atapata ukurasa safi na kumpoteza nyanya. Rai yetu ni kwamba msimulizi atumie Kiswahili sanifu, ili kitabu kisomeke Goma, Kampala na Dar es Salaam, na wahusika waachiwe Kiswahili chao.

Je, mtunzi ataje majina halisi? Ken Walibora, katika *Kufa Kuzikana* (2003), alisimulia urafiki wa vijana wa makabila mawili yenye uhasama kwa kuuweka katika nchi ya kubuni. Njia hiyo humlinda mwandishi na humwezesha msomaji kusikiliza bila hasira. Lakini ina gharama. Aliyefiwa na mtu wake Ntoto anajua soko hilo lina jina, na anaweza kuona kwamba kulificha jina ni kumficha marehemu. Njia ya kati ni kutaja mahali na mwaka kwa majina yake, na kubuni watu.

6.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba hadithi ya vita na ukimbizi hufaulu inapokaa ndani ya nyumba moja na kuhesabu wakati kwa matukio ya jamaa. Tumeona pia kwamba hupata nguvu inapomkubali msimulizi mwenye hatia, na kwamba utenzi wa Kinyanga unatupa mfano wa kurudi ambao wengine hawanao. Kwa Masisi na Walikale tumependekeza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hadithi ya nyumba moja itaifikia nyumba ya pili.

Mwanafunzi wangu nilimshauri aiandike upya hadithi yake kwa Kiswahili, na neno la nyanya aliache kama lilivyo. Kisha nilimpa zoezi la pili: aandike juu ya nyumba ya jirani, kilima kilekile, mwaka uleule, na ndani yake awepo mama mwingine mzee anayesema "kwetu". Zoezi la kwanza alilileta baada ya juma moja. La pili bado, nami sikumwekea tarehe.