Sauti ndani ya ukungu: Je, mtu anaweza kuishi bila watu?

Julai, Malindi ya Lushoto huamka ndani ya ukungu. Huku juu, upande wa kuelekea Mtae, kuna asubuhi ambazo mtu haoni hatua kumi mbele yake. Anayeshuka na mzigo wa kabichi kichwani husikia kwanza nyayo za anayepanda. Sura hazijaonekana, lakini salamu zimeshaanza: za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za yule mgonjwa. Wanapishana, kila mmoja anashika njia yake, na bado wanaitikiana mpaka sauti zinamezwa na ukungu.

Mgeni wa mjini huona huko ni kupoteza muda. Lakini tuulize: ingekuwaje kama njiani asingetokea mtu? Si asubuhi moja tu, bali mwezi mzima, au mwaka. Je, binadamu anaweza kuhimili kukaa bila mtu kabisa?

Njaa isiyo ya tumbo

Mwaka 2020, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, wakiongozwa na Livia Tomova na Rebecca Saxe, walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 40. Kila mmoja alikaa peke yake chumbani kwa saa 10, bila simu wala mgeni. Siku nyingine walewale walishinda njaa kwa saa 10. Kila siku hiyo ilipokwisha, waliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakionyeshwa picha za chakula na za watu walio pamoja. Sehemu ya katikati ya ubongo inayohusika na hamu iliamka kwa namna inayofanana: aliyeshinda njaa alipoona chakula, na aliyeshinda peke yake alipoona watu.

Kumbe kumtamani mtu si deko. Ni njaa, na ina sababu yake. Kwa maelfu ya miaka, binadamu aliyepotezana na kundi lake usiku alikuwa kitoweo cha chui. Mwili ukajifunza kuhesabu upweke kuwa ni hatari: homoni ya kotisoli hupanda, shinikizo la damu nalo hupanda, usingizi huwa wa mang'amung'amu kama wa mlinzi. Kwa siku chache hali hiyo humsaidia mtu, kwa kuwa humsukuma arudi kwa wenzake. Ikidumu miaka, ni sawa na kuacha injini inaunguruma mchana na usiku gari likiwa limesimama.

Ndiyo maana upweke huishia moyoni na kwenye mishipa ya damu. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waliokuwa na mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wasio nayo. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka.

Waliojaribu

Miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, Donald Hebb aliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku ili walale tu kitandani, macho yakiwa yamezibwa, wasisikie wala kugusa chochote cha maana. Kwa wakati ule zilikuwa fedha nzuri, lakini wengi hawakufika siku ya tatu au ya nne. Baadhi walianza kuona vitu visivyokuwapo. Ubongo ukinyimwa habari za nje, hujitungia zake.

Wengine walihimili muda mrefu. Mwaka 1962, Mfaransa Michel Siffre alishuka kwenye pango la Scarasson katika milima ya Alps, akakaa takribani miezi miwili bila saa wala mwanga wa jua. Alipoambiwa muda umekwisha, hesabu yake ilikuwa Agosti 20. Kumbe ni Septemba 14. Mhispania Beatriz Flamini aliingia pangoni huko Granada Novemba 2021, akatoka Aprili 2023 baada ya siku 500. Yeye alidhani zimepita kama 160 au 170. Alitoka akitabasamu.

Mtu akisikia hayo atasema, basi inawezekana. Lakini tazama kilichokuwa mdomoni mwa pango. Siffre alikuwa na simu: kila alipoamka, alipokula na alipotaka kulala aliwapigia wenzake waliopiga kambi juu. Flamini hakuzungumza na mtu, ila kulikuwa na watu waliomletea chakula na kuondoa taka, na alikuwa na kitufe cha kuita msaada. Wote wawili walikwenda kwa hiari, na walijua kuna anayewangoja. Walikuwa peke yao, lakini hawakuwa wameachwa.

Kiswahili kina maneno mawili hapa: upweke na ukiwa. Mpweke ni mtu aliye peke yake. Mkiwa ni yule aliyepotelewa na watu wake, hata akiwa katikati ya soko.

Watu wawili ndani ya seli moja

Asiyechagua upweke hufanyaje? Mfano mzito tunao Afrika Mashariki. Mwaka 1968, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa “Kenya: Twendapi?” Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alihukumiwa kifungo, na hatimaye akatumikia miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa ametengwa na wafungwa wenzake. Alitunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa gerezani kwa siri. Mwaka 1973 yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Katika diwani hiyo limo shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Huyu anadai, yule anajibu, na hakuna anayekubali kushindwa. Mtu asiye na wa kuzungumza naye aliwaumba wawili, akawasikiliza wakibishana. Tena alitunga kwa vina na mizani, amali aliyorithi kwa malenga wa pwani, akiwaandikia wasomaji ambao hakujua kama atawaona. Walimfungia mlango, lakini watu alikuwa ameingia nao.

Si kila mfungwa ana hazina hiyo, na hata aliye nayo huumia. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, na kutengwa kunahesabiwa pale anapokaa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na mtu. Neno “ya maana” lina uzito wake. Mlinzi anayesukuma sahani chini ya mlango hahesabiki.

Karibu na nyumbani

Huku milimani hakuna anayekaa pangoni. Lakini yupo bibi ambaye wanawe wote wako Tanga na Dar es Salaam. Fedha za simu zinaingia, paa ni la bati, na hana wa kumwambia kwamba jana hakulala. Yupo pia mgonjwa wa akili anayefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya aibu. Familia hudhani inamhifadhi, kumbe inamwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

Usambara yenyewe ina somo la zamani kuhusu hili. Huko Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, na hospitali ingalipo. Pamoja na dawa, wagonjwa hufanya kazi za shamba na za mikono, na hawazifanyi kila mmoja peke yake.

Kwa hiyo jibu ni hili: mtu anaweza kuhimili upweke kwa muda, ikiwa ameuchagua, anajua mwisho wake, na amebeba watu kichwani. Akikosa yote matatu, mwili huanza kumlipisha. Dalili za kuangalia ni usingizi kupotea, chakula kuachwa, usafi kupuuzwa, na mtu kukwepa hata waliokuja kumwona. Zikiendelea zaidi ya wiki mbili, mpelekeni zahanati au kituo cha afya, na asiende peke yake. Akitamka kwamba amechoka kuishi, msingoje wiki mbili.

Na zile salamu za njiani zisidharauliwe, maana zina kazi ambayo mgeni haioni. Anayekuitikia kila asubuhi ndani ya ukungu hahitaji kukuona ili ajue upo. Siku akiita na asisikie jibu, ndiye atakayeshusha mzigo wake na kuja kugonga mlango.