Umenunua Pikipiki ya Mtumba: Rimoti ya Pili Iko kwa Nani?

Pikipiki nyingi zinazoegeshwa sokoni Ogwedhi siku hizi zina alamu. Mwenyewe hubonyeza kitufe, taa zikamulika, akaenda zake kununua omena. Akitokea mtu wa kuigusa, kelele zake husikika hadi upande wa pili wa soko.

Alamu hizo kwa kawaida huuzwa zikiwa na rimoti mbili. Pikipiki inapouzwa tena, muuzaji hukabidhi funguo na rimoti moja, na jina hubadilishwa kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA. Rimoti ya pili hakuna anayeiulizia. Mimi mwenyewe nilinunua ya mtumba na nikakaa miezi kadhaa kabla ya kujiuliza iko wapi. Jibu lilinifanya nitafute fundi siku hiyo hiyo, na ndilo lililozaa makala haya.

Ukifungua rimoti kwa bisibisi ndogo utakuta betri, vitufe, na bamba jembamba la saketi. Juu ya bamba hilo kuna kipande cheusi chenye miguu ya chuma, kidogo kama punje ya hindi. Hiyo ndiyo chipu, yaani saketi nzima yenye transista nyingi iliyobanwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Unapobonyeza kitufe, chipu huamka na kutoa mfululizo wa mapigo mafupi na marefu. Mapigo hayo huwasha na kuzima kitumaji kidogo cha redio, mara nyingi kwenye megahazi 433.92 au 315. Kipokezi kilichofichwa kwenye pikipiki husoma mapigo hayo kama nambari, kisha hulinganisha nambari hiyo na ile inayoijua.

Rimoti ya runinga haifanyi kazi hivyo. Ile hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na ukiikinga kwa kiganja tu inashindwa. Mawimbi ya redio hupenya ukuta, ndiyo maana unaweza kuzima alamu ukiwa ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliye nje ya ua anaweza kuyanasa.

Swali kubwa basi ni nambari gani inayotumwa. Chipu ya zamani inayojulikana sana na mafundi ni PT2262, ya kampuni ya Princeton Technology ya Taiwan. Katika mpangilio wake wa kawaida, nambari hupangwa kwa miguu minane, na kila mguu huunganishwa kwa njia moja kati ya tatu. Hiyo inatoa nambari 6,561 peke yake. Baadaye ikaja EV1527, ambayo nambari yake huandikwa kiwandani na huweza kuwa moja kati ya zaidi ya milioni moja. Wingi huo unasaidia rimoti ya jirani isifungue pikipiki yako kwa bahati mbaya. Lakini chipu zote mbili zina udhaifu mmoja: hutuma nambari ile ile leo, kesho na mwaka ujao. Aliyeinasa mara moja anayo. Kuna hata rimoti za bei nafuu za kunakili, ambazo huwekwa karibu na yako, vitufe vikabonyezwa, na kazi ikaisha.

Dawa ya tatizo hilo ilianzia humu humu barani Afrika. Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini walibuni mfumo uitwao KeeLoq, na mwaka 1995 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani. Chipu zake, kama HCS301, huhesabu kila unapobonyeza. Hesabu hiyo husukwa pamoja na ufunguo wa siri na kutoka ikiwa nambari mpya kabisa. Kipokezi nacho kina hesabu yake, kwa hiyo nambari ya jana hukataliwa.

Na mtoto akichezea rimoti huko nyumbani? Katika mpangilio wa kawaida wa chipu hizi, kipokezi huvumilia hadi mibonyezo 16 iliyompita. Ikizidi hapo, bonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu na chombo chako, na viwili hivyo vitapatana tena. Jaribu hivyo kabla ya kulipia rimoti mpya.

Mfumo huu nao si ngome. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kupata ufunguo wake wa siri kwa kupima umeme ambao chipu hutumia inapofanya kazi. Mwizi wa kawaida hana haja ya kufika huko. Anaweza kuziba mawimbi kwa kifaa kingine unapobonyeza kufunga gari, nawe ukaondoka ukidhani limefungwa. Vuta mkono wa mlango kabla ya kuondoka. Hakuna chipu inayoweza kukufanyia hilo.

Utajuaje ulicho nacho? Uliza kabla ya kununua kama nambari hubadilika. Muuzaji akibabaika, fundi mwenye rimoti ya kunakili ajaribu mbele yako. Nakala ikizima alamu tena na tena, nambari yako haibadiliki. Hakikisha nakala hiyo imefutwa kabla hujaondoka. Angalia pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa kuwa hata kitumaji kidogo hivi ni kifaa cha redio.

Kwa aliyenunua pikipiki ya mtumba, kazi ni ndogo. Vipokezi vingi vinavyojifunza rimoti vina njia ya kufuta zote kwa pamoja. Fundi afute, kisha asajili zile ulizo nazo mkononi tu, na ile iliyobaki kwa mwenye zamani itakuwa imekufa. Kama mfumo wako ni wa PT2262, kufuta hakupo. Miguu ya chipu hubadilishwa mpangilio kwa kulehemu upya, kwenye rimoti na kwenye kipokezi pia. Fanya hivyo haraka zaidi ikiwa alamu yako ina kitufe cha kuwasha injini, kwa sababu hapo aliye na rimoti hahitaji funguo. Mpaka ufike kwa fundi, kufuli la gurudumu litakusaidia.