Jina la Ngũgĩ Linapotoka Python Kwenda C

Programu nyingi zinazotumika kila siku hazikuandikwa kwa lugha moja. Sehemu anayoigusa mtumiaji huandikwa kwa Python, Java au JavaScript, lakini kazi nzito ya kubana picha, kulinda siri au kutunza data hufanywa na maktaba za C. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya kila simu ya Android, imeandikwa kwa C. Kati ya pande hizo mbili hukaa msimbo mwembamba wa kuunganisha: unapokea kitu huku na kukikabidhi kule katika umbo linaloeleweka. Namba huvuka bila matata mengi. Maandishi ndiyo yanayoleta kizaazaa.

Chukua neno la kwanza la jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Jicho linaona herufi 5, na Python ikiulizwa urefu wake hujibu 5. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python huhifadhi maandishi kwa baiti 1, 2 au 4 kwa kila herufi, ikiangalia ni herufi ipi yenye namba kubwa zaidi katika jedwali la Unicode. Herufi ũ ni namba 361 na ĩ ni 297. Namba hizo haziingii katika baiti moja, kwa hiyo jina zima hupewa baiti 2 kwa kila herufi.

Maktaba ya C inayotumia UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, inalitaka jina hilohilo kwa sura nyingine. Herufi N na g mbili zinachukua baiti moja moja, ũ na ĩ baiti mbili mbili, jumla 7, kisha baiti ya sifuri ya kuonyesha mwisho. Ukiiuliza strlen, chombo cha C cha kupima urefu, itasema 7. Pande zote mbili zinasema kweli: mmoja unahesabu herufi, mwingine unahesabu baiti. Balaa huanza pale mtu anapochukua hesabu ya upande mmoja akaipeleka upande wa pili. Akikata jina kwenye baiti ya 6, ĩ inabaki nusu, na Python ikirudishiwa kipande hicho itakataa kukisoma.

Kosa jingine ni la kusahau kusema maandishi yako katika mfumo gani. Baiti za ũ ni C5 na A9. Programu inayodhani inasoma mfumo wa zamani wa Windows wa Ulaya Magharibi itaziona kama herufi mbili tofauti, na jina litatokea kwenye skrini kama NgÅ©gÄ©. Hakuna kilichopotea hapo; baiti zote zipo, ila zimesomwa kwa ufunguo usio wake. Mfumo huo wenyewe hauna kabisa ũ wala ĩ, hivyo programu inayolazimisha jina liingie humo mara nyingi huishia kuandika Ng?g?. Hapo sasa jina limepotea, na hakuna njia ya kulirudisha kutoka kwenye alama za kuuliza.

Kuna jaribio dogo ambalo msomaji mwenye kompyuta ya Linux anaweza kulifanya. Python ina moduli iitwayo ctypes inayoita maktaba za C moja kwa moja. Ipe strlen neno "habari" kupitia ctypes bila kulibadilisha kwanza kuwa baiti, nayo itajibu kuwa urefu wake ni 1. Sababu ni kwamba kwenye Linux ctypes hupeleka maandishi kwa baiti 4 kwa kila herufi. Baada ya baiti ya h hufuata sifuri, na strlen ikiona sifuri huamini kwamba neno limekwisha. Hakuna onyo lolote linalotolewa.

Sifuri hiyo imewahi kutikisa usalama wa mtandao. Mwaka 2009, Moxie Marlinspike na Dan Kaminsky walionyesha, kila mmoja kwa utafiti wake, kwamba mtu angeweza kuomba cheti cha tovuti chenye jina la benki, kisha sifuri, kisha jina la tovuti yake mwenyewe. Ndani ya cheti urefu wa jina huandikwa wazi, kwa hiyo mtoa cheti aliliona jina lote na kumthibitisha mwenye tovuti ile ya mwisho. Programu zilizolisoma kwa desturi ya C ziliishia kwenye sifuri na kuona jina la benki peke yake. Lugha ya Rust huzuia hatari ya aina hii: CString yake, umbo la maandishi yanayopelekwa C, hukataa kupokea maandishi yenye sifuri katikati.

Tena kuna suala la nani mwenye kumbukumbu yanakokaa maandishi. Katika lugha ya Go, C.CString hutengeneza nakala mpya, na aliyeiomba ndiye mwenye wajibu wa kuiachilia. Asipofanya hivyo, programu inanenepa taratibu hadi inazidiwa. Python, kinyume chake, huazimisha tu anwani ya maandishi yake, na upande wa C ukiiachilia kumbukumbu hiyo, programu inaweza kuanguka. Java nayo hutaka kila kilichochukuliwa kwa GetStringUTFChars kirudishwe, na kile inachokitoa si UTF-8 ya kawaida: kicheko 😀 kinachochukua baiti 4 kwingine, hapo kinachukua 6. Mwongozo wa Android unawaonya watengenezaji wasipeleke data ya mtandao kwenye NewStringUTF, inayogeuza baiti kuwa maandishi ya Java, bila kuichuja.

Kwa watengeneza programu wa Afrika Mashariki tatizo hili lina ubaya wa pekee, kwa sababu Kiswahili cha kawaida hulificha. "Asante" na "karibu" vina baiti zilezile katika UTF-8 na katika mfumo wa zamani wa Windows, kwa hiyo msimbo mbovu hufaulu majaribio yote. Kisha mteja ananakili "ng’ombe" kutoka kwenye programu ya kuandikia iliyopinda ile alama ya juu, na kwenye risiti inatoka ngâ€™ombe. Au anajisajili mteja wa Bujumbura ambaye jina lake lina é.

Njia salama inajulikana: kubaliana na UTF-8 mpakani, peleka urefu pamoja na anwani, kagua baiti kabla ya kuzipokea, na andika wazi nani ataiachilia kumbukumbu. Na kabla programu haijafika kwa watu, ijaribiwe kwa Ngũgĩ, kwa ng’ombe mwenye alama iliyopinda, kwa jina la herufi za Kiarabu na kwa emoji. Mteja ana haki ya kuliona jina lake kama alivyoliandika.