Atomi ilijulikanaje kuwa imepasuka?

Atomi haionekani kwa macho. Basi wenye elimu walijuaje kwamba imepasuka? Tujibu: kwa shimi, kwa kuchambua.

Mwezi wa desemba 1938, kule Berlin, Otto Hahn na mwenzake Fritz Strassmann walichunguza urani iliyopigwa na neutroni. Walidhani wamepata radiumu. Lakini radiumu yafanana sana na bariumu; kwa hiyo waliichanganya na bariumu, kisha wakagandisha chumvi zake mara nyingi ili kuzitenga. Hazikutengana hata kidogo. Kumbe kile kitu ni bariumu yenyewe! Tena uzito wa atomi ya bariumu wapita kidogo tu nusu ya ule wa urani. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza maana yake: atomi ya urani imegawanyika.

Jambo hili latuhusu sisi Wakongo, maana urani nyingi ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga.

Hahn hakunyamaza. Mwaka 1955 alieleza katika radio hatari na faida za kobalti 60. Mwaka 1957 yeye na wenzake 17 walikataa kushiriki kazi ya silaha za atomi. Tujue basi: aliyefumbua siri ana deni la kuwafundisha wengine.