Turbo moja kubwa kwa motere ya V: fikiri mbele ya kufunga

Wewe kijana unayejifunza kazi ya mekaniki, bila shaka umekwisha kusikia watu wakibishana garajini: «Motere hii ya V ni mvivu. Tutie turbo moja kubwa, utaona namna itavuta!» Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini turbo ikifungwa vibaya, motere ya bei kali inaweza kuharibika kwa siku moja, na jamaa inayokula kwa kazi ya kamyo ile inabaki mikono mitupu. Basi tuangalie jambo hili pole pole.

Turbo inafanya nini?

Motere inavuta hewa sawa vile mtu anavyovuta pumzi. Hewa ikiwa nyingi, mazutu mengi zaidi yanaweza kuwaka vizuri, na nguvu inaongezeka. Turbo ina magurudumu mawili madogo yaliyofungwa kwenye mti mmoja wa chuma. Moshi unaotoka katika silinda unazungusha gurudumu la kwanza. La pili linasukuma hewa safi kuingia ndani ya motere. Alfred Büchi, enjinia wa nchi ya Uswisi, ndiye aliyeandikisha wazo hilo mwaka wa 1905.

Hapa kwetu Katanga jambo hili lina maana kubwa. Lubumbashi iko juu kupita metre 1,200, na Kolwezi iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani: mgandamizo wake umepungua kupita 12 kwa mia. Motere isiyo na turbo inasikia upungufu huo. Yenye turbo inaweza kuufidia, lakini turbo yenyewe inalazimika kuzunguka mbio zaidi. Kwa hiyo usichague turbo bila kufikiri mahali gari litakapofanya kazi.

Moja kubwa ao mbili ndogo?

Motere ya V ina safu mbili za silinda, kuume na kushoto, na moshi unatoka pande mbili. Unaweza kutia turbo ndogo kila upande, ao kuleta moshi wote kwa turbo moja kubwa.

Turbo moja ina faida zake. Ni piesi moja ya kununua, bomba moja la kuleta oili, bomba moja la kuirudisha. Safu zote mbili zinapata hewa ya mgandamizo mmoja. Kukiwa turbo mbili na moja imechoka, kazi inaelemea upande mmoja, na fundi anahangaika kutafuta ubaya uko wapi.

Lakini gurudumu kubwa ni gumu kuanzisha. Ukiongeza upana wake mara mbili, kwa umbo lile lile na chuma kile kile, ugumu wa kulizungusha unaongezeka mara 32! Magurudumu mawili madogo yanayopitisha hewa sawa na lile moja, kila moja lina ugumu wa karibu sehemu moja ya sita tu. Ndiyo sababu dereva wa turbo kubwa anakanyaga na kungoja kwanza, halafu nguvu inakuja. Kwa kamyo inayokwenda safari ndefu kwa mwendo mmoja, si neno. Kwa gari la kusimama na kuondoka kila mara, inachosha.

Wengine wamefanyaje?

Mwaka wa 1969 kampuni ya Scania ya Uswidi ilitoa motere ya V yenye silinda 8 na litre 14, jina lake DS14. Ilikuwa na turbo moja na nguvu ya farasi 350, nguvu kubwa sana kwa kamyo ya Ulaya wakati ule. Mwaka wa 2017, walipotoa motere mpya za V za litre 16, walishika njia ya turbo moja, lakini moshi wa kila safu unapita peke yake mpaka ndani ya turbo. Ni pale tu unapokutana.

Ford wa Marekani walifanya namna ingine. Katika motere yao ya mazutu ya V, silinda 8 na litre 6.7, iliyoanza na gari za mfano wa 2011, moshi unatokea upande wa ndani. Turbo inakaa pale pale katikati ya V. Bomba ni fupi, na joto halipotei njiani.

Juu ya nini kutenga moshi? Kwa sababu moshi hautoki sawa maji ya mto; unatoka kwa mapigo. Pigo la silinda moja likigongana na la ingine, gurudumu linakosa nguvu. Katika V8 nyingi silinda zote pamoja zinapigana kwa kipimo sawa, lakini ukiangalia safu moja peke yake, mara mbili zinafuatana upesi, mara kunakuwa nafasi ndefu. Fundi anayeunganisha mabomba ovyo anapoteza nguvu ambayo turbo inahitaji.

Mambo matano mbele ya kufunga

1. Uliza kama motere inaweza kubeba. Motere iliyotengenezwa kwa turbo kwa kawaida ina pistoni zenye nguvu zaidi, na mara nyingi oili inarushwa chini yake juu ya kuzipoza. Isiyo na hayo inaweza kuyeyuka pistoni.

2. Piga hesabu ya hewa. Motere ya litre 14 inajaza silinda zake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, ni litre 14,000 za hewa kila dakika, hata mbele ya turbo kuongeza. Chagua turbo kwa hesabu hiyo, si kwa kutazama ukubwa tu.

3. Acha bomba lipumue. Bomba la chuma la metre moja likipashwa joto kwa digri 600 linarefuka karibu milimetre 7. Likifungwa kwa nguvu pande zote mbili, litapasuka ao litakata mabuloni. Tia kipande chenye mikunjo sawa akodioni.

4. Oili irudi kwa kushuka. Bomba la kurudisha liwe pana, lielekee chini, lisikunjwe. Oili ikikwama, itapita ndani ya hewa. Motere ya mazutu inaweza kuwaka kwa oili yake yenyewe na kukataa kuzimika hata ukifunga ufunguo. Hapo dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao imara. Usitie mkono hata kidogo!

5. Filtre ya hewa iwe safi. Mavumbi ya barabara za mgodi yanakula gurudumu la hewa, ambalo linazunguka mara makumi ya maelfu kwa dakika.

Baada ya kufunga

Usifungue pompi ya mazutu ovyo juu ya kutafuta nguvu. Moshi mweusi ni pesa inayopita hewani, na joto lake linaharibu turbo na pistoni. Baada ya kuvuta mzigo, acha motere izunguke pole pole kwa dakika tatu hivi mbele ya kuizima, ili oili ipoze mti wa turbo.

Wewe mwenye kamyo, mbele ya kulipa, mwambie fundi akuonyeshe hesabu ya hewa, njia ya oili na mahali mabomba yatakapopita. Na wewe kijana, jifunze kujibu maulizo hayo matatu kwa kalamu na karatasi. Fundi anayeyajibu vizuri, watu watamwamini na motere zao.