Leza ya moyo: Fahamu ukweli kabla ya kuuza shamba

Je, msomaji, umewahi kuambiwa kwamba kuna leza ya kuzibua mishipa ya moyo, na kwamba ukipata nauli ya kwenda ng'ambo utarudi ukiwa mzima? Wagonjwa huniuliza swali hili mara kwa mara. Wengine hufika wakiwa wamekwisha kuitisha harambee, au wameanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Kabla hujafika huko, ni vyema uelewe kile ambacho mwangaza unaweza kufanya katika maradhi ya moyo, na kile usichoweza.

Tuanze na kifaa ambacho huenda unakijua. Ni kile kinachobanwa kidoleni na kutoa taa nyekundu. Msingi wake uliwekwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kifaa hiki hupitisha kidoleni aina mbili za mwangaza: mwekundu, na infraredi ambao jicho haliuoni. Damu yenye oksijeni ya kutosha huuacha mwangaza mwekundu upite, lakini iliyopungukiwa oksijeni huufyonza. Kwa kulinganisha aina hizo mbili, kifaa hukadiria kiasi cha oksijeni kwa asilimia, na pia huhesabu mapigo ya moyo.

Faida yake kubwa ni kwa mtoto mchanga. Mtoto huweza kuzaliwa na kasoro mbaya ya moyo, lakini akaonekana mzima siku za kwanza. Akipimwa mkono wa kulia na mguu mmoja baada ya saa 24, kipimo kikiwa chini ya asilimia 90 huhitaji kushughulikiwa papo hapo. Kikiwa chini ya 95 sharti kirudiwe, ingawa kwenye nyanda za juu huweza kushuka kidogo bila ugonjwa. Mwaka wa 2011 Marekani ilipendekeza kila mtoto apimwe hivyo. Wewe mama, hapana ubaya kumwomba muuguzi akupimie mtoto kabla hujatoka hospitalini.

Hata hivyo, kifaa hiki kina kasoro inayotuhusu sisi Waafrika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Rangi ya kucha, hina nzito na vidole baridi pia huweza kukivuruga. Kwa hivyo ukimwona mgonjwa anahema kwa shida, usitulizwe na nambari nzuri. Mpeleke hospitali.

Mwangaza pia hutumika kupiga picha ndani ya mshipa wenyewe. Mbinu hii ilielezwa mwaka wa 1991 na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani. Daktari hupitisha mpira mwembamba, yaani katheta, kutoka mkononi au kwenye kinena hadi mishipa ya moyo. Ncha yake hutoa infraredi na kupokea ile inayorudi kutoka kwenye ukuta wa mshipa. Kwa kuwa damu huutawanya mwangaza huo, husukumwa kando kwa maji ya dawa kwa sekunde chache. Picha zake huonyesha vitu vidogo takriban mara 10 kuliko zile za mawimbi ya sauti. Daktari huweza kuona kama utando wa mafuta umepasuka, au kama stenti, yaani kile kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa, imekaa sawasawa.

Sasa tuje kwenye leza yenyewe. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman mwaka wa 1960. Ilipoanza kujaribiwa kwenye mishipa ya moyo katika miaka ya 1980, joto lake liliunguza kuta za mishipa. Baadaye ikaja leza ya miale ya urujuanimno, ambayo hupenya chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita na kuvunjavunja kizuizi kidogo kidogo. Marekani iliidhinisha itumike moyoni mwaka wa 1992.

Lakini ilipolinganishwa na puto la kupanulia mshipa katika miaka hiyo ya 1990, haikulishinda. Ndiyo maana leo ni chombo cha shughuli maalum: pale stenti ya zamani imeziba au haikufunguka vizuri, pale puto limekataa kupita, au pale nyaya kuukuu za kifaa cha kurekebisha mapigo zinapohitaji kung'olewa. Isitoshe, ina hatari zake, mojawapo ikiwa ni kutoboa mshipa.

Kulikuwa pia na leza ya kutoboa vijitundu kwenye msuli wa moyo ili kupunguza maumivu ya kifua. Mwaka wa 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 298 waliotibiwa hivyo kwa katheta, baadhi yao wakifanyiwa igizo tu bila kujua. Waliofanyiwa igizo walipata nafuu sawa na wenzao. Hapo ndipo utaona kwa nini ushuhuda wa jirani aliyepona hautoshi.

Jihadhari zaidi na saa za mkononi zinazouzwa kwa madai kwamba leza yake husafisha damu. Mwangaza wake hauwezi kufika kwenye mishipa ya moyo na kuyeyusha mafuta. Usiache dawa zako za shinikizo la damu kwa sababu ya saa. Na kama ugonjwa wako ni wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, kama ilivyo kwa vijana wengi nchini, leza ya mishipa haikuhusu hata kidogo.

Basi ukitajiwa leza, muulize daktari maswali haya: Ni mshipa gani ulioziba, na kwa kiasi gani? Je, dawa, stenti ya kawaida au upasuaji haviwezi kunifaa? Leza itaongeza faida gani? Asipokujibu ukaelewa, tafuta daktari wa pili.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Kupimwa huchukua dakika chache katika zahanati iliyo karibu nawe. Nenda wiki hii, tena usiende peke yako: mchukue na mzee wako.